Tundu Jembamba: Historia ya Kabureta ya Trekta na Vita Vyake na Kutu



Katika mazungumzo haya tumekusudia kusimulia habari za chombo kidogo ambacho wengi hukiona wala wasikijue kwa jina. Mtu akitazama trekta shambani huona magurudumu makubwa, husikia ngurumo, hustaajabia jembe la chuma lipasualo udongo uliowashinda watu wengi kwa majembe ya mkono. Ni mara chache aulize mafuta yaliyomo tangini hugeukaje kuwa nguvu. Katika matrekta ya zamani jibu la swali hilo lilikuwa ndani ya kabureta, chombo kienezwacho na viganja viwili. Na ndani ya chombo hicho mna tundu ambalo sindano ya kushonea hupita kwa shida. Kipande cha kutu kilicho sawa na punje ya mchanga chatosha kuliziba, na tundu hilo likizibwa, shamba zima husimama.

Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Historia ya kabureta ni ufafanuzi wa methali hiyo, na mfano wake mkubwa ulipata kuonekana hapa petu, katika nchi ya Ugogo, mwaka 1947. Lakini kabla ya kufika Ugogo hapana budi tuanze mwanzo.

Asili ya Kabureta

Injini za kwanza za petroli hazikuwa na kabureta kama ile iliyokuja kujulikana baadaye. Katika gari la Karl Benz, Mjerumani aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1886, hewa ilipitishwa juu ya petroli iliyowekwa chomboni, ikachukua mvuke wake kama upepo uchukuavyo harufu ya asumini, kisha ikaingia katika silinda. Njia hiyo ilikuwa na ila. Siku ya joto mvuke ulizidi, siku ya baridi ulipungua, na injini ilikwenda kwa kubahatisha.

Mwaka 1893 Wahangari wawili, Donát Bánki na János Csonka, waliomba hati ya kabureta inyunyizayo petroli badala ya kungoja ipande yenyewe kuwa mvuke. Mwaka uo huo Mjerumani Wilhelm Maybach naye, kwa upande wake, alifikia uvumbuzi wa namna hiyo hiyo. Tangu hapo, kwa miaka mingi, kabureta za dunia zilifuata kanuni moja, na kanuni yenyewe si ngumu kufahamika.

Injini inapovuta pumzi, hewa hupita katika koo lililobanwa katikati. Mahali palipobanwa hewa hukimbia zaidi, na hewa ikimbiayo hupungukiwa na msukumo wake. Kando ya koo pana kikombe cha petroli, ambacho hewa ya kawaida hukisukuma kwa juu. Basi petroli hupanda kwa njia ya tundu jembamba liitwalo jeti, kama maji ya dafu yapandavyo katika mrija wa mnywaji, ikatawanyika kuwa manyunyu. Ndani ya kikombe mna kielea, kilichofanywa kwa shaba yenye uwazi ndani, au kwa gome jepesi kama la vizibo vya chupa. Petroli ikijaa, kielea huinuka na kuufunga mlango kwa sindano yake. Ikipungua, hushuka na kuufungua. Kila ratili 1 ya petroli yahitaji ratili 15 hivi za hewa ili iungue sawasawa. Kipimo hicho hulindwa na upana wa tundu la jeti na kimo cha petroli kikombeni. Ukiharibu kimoja katika hivyo viwili, umeharibu chakula cha injini.

Mafuta ya Taa Yaingia Shambani

Huko Marekani, katika jimbo la Iowa, John Froelich alitengeneza trekta ya petroli mwaka 1892. Uingereza nayo ilipata trekta ya Dan Albone wa mji wa Biggleswade, iliyoitwa Ivel, mwaka 1902. Walakini trekta iliyoingia katika mashamba ya watu wa kadiri ilikuwa Fordson ya Henry Ford, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1917. Wakati ule Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ikiendelea, nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizamisha meli zilizopeleka chakula Uingereza, na serikali ya huko iliagiza maelfu ya matrekta ili mashamba yake yalimwe upesi. Bei ya Fordson huko Marekani ilishuka hata dola 395 mwaka 1922, na kabla ya kiwanda cha huko kuacha kuitengeneza mwaka 1928, zaidi ya 700,000 zilikuwa zimetoka.

Fordson ilitumia mafuta ya taa, kwa kuwa yalikuwa rahisi kuliko petroli. Lakini mafuta ya taa ni mazito, nayo hayageuki mvuke upesi yakiwa baridi. Kwa hiyo trekta ilikuwa na matangi mawili, dogo la petroli na kubwa la mafuta ya taa. Asubuhi dereva aliiwasha injini kwa petroli. Ilipokwisha kupata moto wa kutosha aligeuza bomba, mafuta ya taa yakapita mahali palipopashwa moto na moshi wa injini yenyewe, yakawa mvuke. Jioni, kabla ya kuzima, dereva mwangalifu alirudi kwenye petroli kwa kitambo, ili kikombe cha kabureta kilale na petroli, na kesho injini iwake bila matata. Dereva mvivu aliliacha jambo hilo, na kesho yake alizungusha mkono wa kuwashia mpaka mabega yakamwuma.

Hapa twaona jambo la kwanza la kukumbuka. Trekta ilileta nguvu ya farasi wengi, lakini ilileta pia desturi mpya ambayo mkulima hakuirithi kwa baba yake. Farasi au ng'ombe akiwa mgonjwa huonekana kwa macho na masikio yake. Kabureta hailii wala hailegei. Huugua ndani kwa ndani, na dalili yake huonekana madhara yakiisha kutokea.

Maadui Watatu

Kabureta ina maadui watatu: maji, vumbi, na ulimbo wa mafuta.

Maji huingia kwa njia isiyodhaniwa. Tangi lililo nusu tupu limejaa hewa, na hewa ina unyevu. Usiku ukiwa wa baridi, unyevu ule hugeuka matone, hutiririka ubavuni mwa tangi, hushuka chini ya mafuta, maana maji ni mazito kuliko petroli na mafuta ya taa. Kutoka huko hufika katika kikombe cha kabureta, hukaa chini kabisa, na panapokuwa na chuma pakazaliwa kutu. Ndiyo sababu wakulima wenye ujuzi walijaza tangi jioni wala hawakungoja asubuhi. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa yenye unyevu.

Vumbi huingia pamoja na hewa. Matoleo ya mwanzo ya Fordson yaliisafisha hewa kwa kuipitisha katika maji, na dereva aliyesahau kuongeza maji katika siku ya kiangazi aliifanya injini ivute mchanga. Mchanga huo haukuziba tu njia za kabureta, bali ulisaga silinda na pistoni kama jiwe lisagavyo nafaka.

Ulimbo hutokea mashine ikiwekwa bila kazi. Petroli iliyoachwa kikombeni hukauka kidogo kidogo, sehemu yake nyepesi ikaruka, na sehemu nzito ikabaki kama utomvu wa mti. Utomvu huo hushika sindano ya kielea, hupaka jeti, na baada ya miezi huwa mgumu kama rangi. Kwa sababu hiyo trekta iliyokaa mwaka mzima chini ya mti aghalabu huwa imeharibika kuliko iliyolima mwaka mzima.

Namna ya Kuisafisha

Mafundi wa matrekta walijifunza dawa ya maadui hao kwa majaribio, na kwa kuwa namna yao haijabadilika sana, twaieleza kwa utaratibu.

Kwanza, fundi hufunga bomba la tangi, huiacha injini ipoe, na huwakataza watu kuvuta tumbako karibu. Hutandaza kitambaa cheupe, akaweka kila kipande kwa mpangilio wa kutoka kwake, ili kirudi kwa mpangilio huo huo. Hufungua kikombe bila kukimwaga ovyo, bali hutazama kwanza kilichomo: matone yanayogaagaa chini ni maji, unga mwekundu ni kutu, tope jeusi au la manjano ni vumbi na ulimbo. Kwa kutazama tu hujua adui yupi aliyeingia, na wapi atafute mlango wake. Asafishaye kabureta asisafishe tangi na chujio, amefagia sebule na kuuacha mlango wazi kwa upepo wa vumbi.

Pili, gamba la chuma hulazwa katika mafuta ya taa usiku kucha, ili uchafu ulainike, kisha husuguliwa kwa burashi. Kutu iliyoshika sana huondolewa kwa siki. Wenyeji wa pwani hawataona ajabu hapo, kwa kuwa tangu zamani ndimu na ukwaju vimesafisha masinia na midila ya shaba majumbani mwao. Uchungu ule ule ulao ukungu wa shaba hula na kutu ya chuma. Lakini siki haina huruma. Ikiachwa kupita kiasi hula chuma chenyewe. Basi kipande huangaliwa mara kwa mara, husuuzwa kwa maji ya moto, hukaushwa papo hapo, na hupakwa mafuta mepesi, la sivyo kutu mpya huota kabla jua halijatua.

Tatu, na hapa ndipo fundi hutengana na mbahatishaji, jeti haichokolewi kwa uzi wa chuma. Jeti ni ya shaba ya manjano, nayo ni laini kuliko chuma. Mtu akilitia tundu lake waya, huliona limefunguka akafurahi, kumbe amelipanua. Tangu siku hiyo injini hula mafuta mengi, hutoa moshi mweusi, na plagi zake huwa na masizi. Jeti hulowekwa, kisha hupulizwa kwa bomba la kujazia upepo, na huinuliwa mbele ya nuru mpaka tundu lionekane duara safi.

Nne, kielea hutikiswa sikioni. Kikisikika kuwa na mafuta ndani, kimetoboka. Huzamishwa katika maji ya moto, na pale patokapo mapovu ndipo penye tundu. Fundi hathubutu kukitia lehemu kabla ya kukitoa mafuta na mvuke wake wote, maana kielea chenye mvuke wa petroli kikipata moto hulipuka.

Kazi yote hii yahitaji mafuta ya taa kidogo, burashi, bomba la upepo, na mtu mwenye subira. Haihitaji mali nyingi. Kumbukeni neno hili tunapofika Kongwa.

Kongwa, Mwaka 1947

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, alitoa shauri la kulima karanga katika Afrika ya Mashariki kwa nguvu za mashine. John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo katika Tanganyika, aliongoza ujumbe wa kuchungua nchi. Serikali ya Uingereza, ambayo waziri wake wa chakula alikuwa John Strachey, ilikubali mpango wa kulima zaidi ya eka milioni 3 kwa miaka sita, kwa gharama ya kiasi cha pauni milioni 25. Mahali palipochaguliwa Tanganyika palikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kazi ilianza Kongwa.

Ilikusudiwa eka 150,000 zisafishwe katika mwaka wa kwanza. Lakini viwanda vya dunia, vilivyotoka vitani, havikuwa na matrekta mapya ya kutosha. Hivyo yakanunuliwa masalio ya vita, mengine kutoka Misri, mengine kutoka Ufilipino, ambako majeshi yalikuwa yameyatumia na kuyaacha. Hata vifaru vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, vikaitwa Shervick.

Mashine hizo zilipofika zilionekana kama jeshi. Nyingi zilikuwa zimechakaa, zimeliwa na kutu, na vipuri vyake havikupatikana. Miongoni mwa mashine za Kongwa yalikuwamo matrekta makubwa ya Caterpillar ya minyororo, ambayo D8 ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 15. Hiyo ilikuwa mashine ya dizeli, na injini ya dizeli haina kabureta. Je, tumepotea njia? Hatukupotea. Injini ile ya dizeli ilikuwa nzito mno kuzungushwa kwa mkono. Kwa hiyo waundaji wake waliiwekea ubavuni injini ndogo ya petroli yenye silinda mbili, yenye kabureta yake ndogo, kazi yake kuliamsha lile jitu kila asubuhi. Kabureta ile ndogo ikizibwa na kutu, tani 15 za chuma husimama kama jabali, na dereva wake, na watu wamngojeao, na mbegu zingojeazo udongo, wote husimama nazo.

Nchi yenyewe haikuwa na huruma. Vichaka vya Kongwa vilisukana mizizi hata majembe yakapinda. Mvua za Ugogo zi chache na hazina ahadi, kama Wagogo wenyewe walivyojua kwa vizazi vingi. Udongo ulikuwa na mchanga mkali uliosaga chuma, na kiangazi ulikauka ukawa kama saruji. Vumbi lake liliingia kila penye upenyo. Madereva wengi walikuwa wamefundishwa kwa haraka, karakana hazikuwa tayari mashine zilipofika, na mafundi walikuwa wachache kuliko kazi. Kabla mwaka 1947 haujaisha, zaidi ya nusu ya matrekta yalikuwa yamesimama. Badala ya eka 150,000, zilizopandwa zilikuwa 7,500 hivi.

Mwaka 1948 Shirika la Chakula la Ng'ambo liliushika mpango, likapunguza matumaini yake mwaka hata mwaka. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha, na kiasi cha pauni milioni 36 zikafutwa katika hesabu zake.

Mafunzo

Hatusemi kwamba kabureta iliuangusha mpango wa karanga. Kusema hivyo kungekuwa ni kuidhulumu historia. Uliangushwa na mvua isiyopimwa kwa miaka ya kutosha, na udongo usiojaribiwa, na haraka isiyo na baraka, na wakubwa walioamua mbali wasiwaulize wenyeji. Lakini twasema kwamba kabureta iliyojaa kutu ilikuwa kioo cha mambo hayo yote. Mpango ulihesabu eka, ukahesabu pauni, ukahesabu matrekta. Haukuhesabu ipasavyo mikono ya kuyatunza. Ulidhani kwamba mtu akinunua mashine amenunua na kazi yake. Kumbe mashine ni nusu tu ya kazi, na nusu ya pili ni maarifa ya yule ainamaye juu ya kitambaa cheupe, akiinua jeti mbele ya nuru.

Maarifa hayo hayakupotea yote. Vijana wengi wa Tanganyika waliofika Kongwa kutafuta mshahara walipata kushika spana kwa mara ya kwanza, wakaondoka na ujuzi ambao hakuna waziri aliyeuandika katika hesabu ya faida. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya mpango huo, ilibaki baada ya karanga kusahauliwa, na sehemu ya mashamba ya Kongwa iligeuzwa kuwa malisho ya ng'ombe.

Leo matrekta mapya hutumia dizeli na huwashwa kwa betri, wala hayana injini ndogo ya ubavuni. Lakini kabureta haijaaga dunia. Ingali katika pikipiki nyingi zibebazo abiria, katika pampu za kumwagilia mboga, na katika mitambo midogo ya umeme iwashwayo dukani giza likiingia. Na riziki ya mtu mmoja ikining'inia katika tundu jembamba, hasara yake kwake ni kubwa kuliko pauni milioni 36 kwa serikali, maana serikali ilifuta deni ikaendelea, bali yeye watoto wake hulala na njaa.

Basi kila mwenye chombo na akumbuke: ajaze tangi jioni, asafishe chujio kabla ya kusafisha kabureta, asiitie jeti waya, na asikiache chombo mwaka mzima na mafuta kikombeni. Na kila mwenye kupanga mambo makubwa, awe mkuu wa nchi au mkuu wa kijiji, kabla ya kuuliza zitanunuliwa mashine ngapi, na aulize kwanza ni nani atakayezisafisha, na amefundishwa na nani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na asiyetunza tundu jembamba la kabureta atavuta trekta zima kwa kamba.